Miguu ya mbele ya Land Cruiser 45

Mkuu, umeuliza kama hiyo pikapu ya 1978 inaweza kutolewa ekseli nzima ya mbele, ile inayounganisha magurudumu yote mawili, ifungwe miguu inayocheza kila upande peke yake. Inawezekana, ila ugumu si kuchomelea, ni vipimo. Tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu) zisipolingana na mikono ya chini inayoshikilia magurudumu, kila tuta la Igoma, Mwanza, magurudumu yatakata kona yenyewe, umeshika usukani kama kawaida. Nimeshaona moja ya hivyo, ilitafuna matairi mapya vibaya sana. Na kwa kuwa ni foo-bai-foo, magurudumu ya mbele nayo yanasukuma, difu ya mbele (gia zinazoyagawia nguvu) ikikosa ekseli itabidi ining'inie kwenye chasisi. Kama unabeba dagaa toka Kayenze, baki na ekseli yake na springi zake. Anza na bushi (vipira vya kwenye maungio) na shokapu, halafu uisikilizie.