Kabla hujabadili raba za vioo kwenye Volkswagen ya zamani

Masika ya mwaka juzi niligundua kwamba mlango wa dereva wa Volkswagen yangu umegeuka mtungi. Kila nikikata kona nasikia maji yanacheza ndani, chwa, chwa, kama dumu lililojaa nusu. Ni gari la 1972, lile la mgongo wa duara ambalo watoto wa mtaani kwetu Kigamboni wanaliita kobe. Nililirithi kwa baba mdogo, pamoja na raba za vioo zilizokauka mpaka zinavunjika mkononi kama biskuti.

Fundi wa kwanza hata hakufungua mlango. "Mzee, hapo unapiga silikoni tu, habari imekwisha." Nikakubali. Silikoni ya kawaida ya dukani, ile yenye harufu kali ya siki, hutoa asidi wakati inakauka, na sisi tunaovuka na pantoni kila siku tayari tuna chumvi ya bahari ya kutosha kwenye mabati yetu. Nilipokuja kuibandua ilitoka na rangi, chini yake kutu imeshatanda.

Halafu nikaelewa kitu ambacho yule fundi hakuniambia: maji kuingia ndani ya mlango si ajabu. Waliouunda walilijua hilo, ndiyo maana chini wakauwekea vitundu vya kutolea maji. Raba ya nje, ile inayolamba kioo kinapopanda na kushuka, kazi yake ni kupunguza maji. Reli yenye velveti inayozunguka fremu inakishika kioo kisicheze. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, tafuta waya uzibue vile vitundu. Vyangu vilikuwa vimezibwa na matope, na juu yake rangi ya mtu aliyepaka bila kuinama kutazama. Yalitoka maji ya kahawia yenye harufu ya sarafu za zamani.

Kwenye kununua ndiko nilikopoteza hela. Nilienda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, na maneno matupu, nikarudi na reli ya gari jingine, "hii inaingia bosi, nakuhakikishia." Kuingia iliingia. Ila ilikuwa nene, kioo kikakwama katikati, nami kwa ubishi nikalazimisha mkono wa kuzungushia mpaka mashine ya kioo ikalia. Siku hizi nakata kipande cha raba ya zamani, urefu wa kidole, naenda nacho mfukoni. Muuzaji akileta yake tunazilaza pamoja, tunatazama umbo la mkato, upana wa mfereji na unene wa velveti. Ukiagiza nje, taja mwaka wa gari. Madirisha ya kobe yalikuzwa kuanzia modeli ya 1965, kwa hiyo raba za kabla ya hapo hazifai kwa gari kama langu.

Kufungua mlango si kazi kubwa. Toa mkono wa kioo na kishikio, kisha banua kava la ndani taratibu, klipu moja baada ya nyingine. Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni, au utakuta mtu alishaitupa. Irudishe, au kata mpya, kwa sababu bila hiyo maji yanapita kwenye kava mpaka kwenye zulia. Kioo kikitolewa awepo mtu wa pili wa kukishika. Mimi nilimwita kijana wa jirani, akakikumbatia kama mtoto mchanga.

Fremu ikiwa wazi, piga msasa kutu yote, paka praima, halafu kubali kusubiri ikauke. Unyevu wa Dar hauna haraka.

Reli usiivute. Raba iliyovutwa hurudi nyuma, na baada ya wiki kadhaa utaona pengo kwenye kona. Mimi naikata ikiwa imezidi milimita chache, naanza kuisukuma kwenye kona kwa kidole gumba, ndipo naendelea na sehemu zilizonyooka. Ikigoma, maji ya sabuni yanatosha. Oili na grisi weka mbali, zinavimbisha raba na kukusanya vumbi, na velveti yenye vumbi inakwaruza kioo kama msasa.

Kabla ya kurudisha kava, pandisha na kushusha kioo mara kadhaa. Kisha kibane juu ya kipande cha karatasi, uvute. Karatasi ikichomoka bila kusugua, pale raba haijagusa. Mwisho mwaga ndoo ya maji juu ya kioo, chuchumaa utazame chini ya mlango. Yangu yalitoka yote kwenye vitundu, safi.

Mlango wa abiria bado una raba za zamani. Mke wangu amepewa taulo.