Mkuu, huko siyo kupumzika

Mkuu, acha kwanza. Jana umepiga mazoezi ya miguu jimu, leo siku yako ya kupumzika ngazi unazishuka kinyumenyume umeshikilia ukuta, halafu kocha anakuambia uruke kamba nusu saa na skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) za uzito mdogo "kutoa asidi" kwenye misuli? Na mimi niliuziwa maneno hayohayo. Jamaa alikuwa na kifua kipana hivi kwamba sikuona haja ya kuuliza swali.

Asidi gani? Lakti, hiyo wanayoiita asidi, inayojaa kwenye misuli wakati wa kunyanyua huisha ndani ya saa moja au mbili hivi, hata ukikaa tu. Maumivu ya kesho yake ni ya nyuzi za misuli zilizochanika kidogokidogo, hasa ulipokuwa unashusha chuma, na hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Ukiruka kamba, kila unapotua paja linafanya kazi ileile ya kubreki iliyolichana jana. Unatonesha kidonda kisha unashangaa hakiponi.

Mapumziko yangu yalianza kwa kutembea. Kocha akaongeza kamba, akaongeza skwoti, nikitoka jasho anapiga makofi. Siku ya miguu ikirudi, uzito niliouzoea haupandi. Akasema sijitumi, akaniongezea tena! Goti likavimba, nikawa mtazamaji kwa miezi, ada nalipa. Angalau nilijua nani huja jimu kupiga picha tu. Ni wengi.

Kipimo changu ni kimoja: kama huwezi kuongea na simu bila kuhema, hayo ni mazoezi, usiyaite mapumziko. Tembea dakika 20, au baiskeli isiyo na ugumu, basi. Itakulegeza ule ukakamavu, ila usidhani nguvu zitarudi upesi kuliko za mwenzako aliyejilaza. Na kama usiku hukulala vizuri, hata huko kutembea achana nako, lala.

Ukiona mkojo umegeuka kahawia na misuli imevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli ikivunjika kupita kiasi, uchafu wake huingia kwenye damu na kuumiza figo. Hilo usimuulize kocha.

Akikuuliza mbona leo hutoki jasho, mwambie unajenga mwili. Akikasirika, mlipe chake uondoke.

Ukitaka na habari ya maji ya barafu na protini, waulize wengine, mimi bado nina hasira.