Uliza Ujibiwe: Kaunti iliyoota juu ya mashamba ya viazi

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu ni muuguzi Marekani, na kila akipiga simu husema anaishi Kaunti ya Nassau, nje kidogo ya jiji la New York. Mimi ninaishi Kira, hapa Wakiso, na kaunti ninayoijua ni saza, yaani Kyaddondo yetu. Je, kaunti yake na saza letu ni kitu kimoja? Je, ni kweli, kama alivyoambiwa na mwenye nyumba wake, kwamba mtaa wao wote ulikuwa shamba la viazi mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili? Halafu Nassau si ndiyo mji mkuu wa Bahamas? – Msomaji, Kira.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na la Bahamas, kwa kuwa ndilo jepesi. Majina yote mawili yanatokana na Mfalme William wa Tatu wa Uingereza, aliyekuwa wa ukoo wa Orange-Nassau. Mji wa Bahamas ulipewa jina hilo mwaka 1695. Miaka miwili kabla ya hapo, baraza la koloni la New York lilikuwa limeamua kwamba Long Island, kisiwa ambamo kaunti ya dada yako imo, kiitwe Kisiwa cha Nassau. Wenyeji hawakulizoea, likabaki kwenye makaratasi kwa karne mbili, mpaka kaunti mpya ilipohitaji jina.

Kuhusu saza, neno ni moja lakini ngazi ni mbili. Kwetu kaunti iko chini ya wilaya, ilhali katika jimbo la New York kaunti iko chini ya jimbo lenyewe, nayo ina mahakama yake, polisi wake na kodi yake. Kwa hiyo Nassau inafanana zaidi na Wilaya ya Wakiso kuliko na Kyaddondo. Ndani yake kuna tarafa tatu, Hempstead, North Hempstead na Oyster Bay, pamoja na miji miwili midogo yenye mamlaka yake, Glen Cove na Long Beach.

Mfano wa Wakiso unatufaa hata katika kuzaliwa kwake. Kama Wakiso ilivyomegwa kutoka Mpigi mwaka 2000, Nassau ilimegwa kutoka Kaunti ya Queens. Tarehe 1 Januari 1898, sehemu ya magharibi ya Queens iliunganishwa na jiji la New York, na zile tarafa tatu za mashariki zikaachwa njia panda: bado zilikuwa chini ya Queens, lakini hazikuwa sehemu ya jiji. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1899, zikawa kaunti inayojitegemea, na makao makuu yakawekwa Mineola. Theodore Roosevelt, aliyekuwa gavana wa jimbo na mwenyeji wa Oyster Bay, ndiye aliyeweka jiwe la msingi la mahakama mwezi Julai 1900. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 55,448 tu katika kaunti nzima.

Sasa tuje kwenye viazi. Mwenye nyumba wa dada yako huenda amesema kweli, ingawa kuna sababu ambayo watu wengi hawaitaji. Mwaka 1941, katika shamba moja la Hicksville, aligunduliwa mnyoo mdogo sana wa udongoni ambaye hushambulia mizizi ya viazi, na ambaye hakuwa amewahi kuonekana Marekani kabla ya hapo. Mkulima ambaye udongo wake umeingiwa na mdudu wa namna hiyo hambishii sana mnunuzi anayekuja na fedha mkononi. Wakati huohuo askari walikuwa wakirudi kutoka vitani, wakioa na kukosa mahali pa kulala, na serikali ilikuwa imekubali kudhamini mikopo yao ya nyumba. Kampuni ya ujenzi ya Levitt ilinunua mashamba hayo ya viazi katika tarafa ya Hempstead, na familia za kwanza zikahamia Oktoba 1947. Kufikia mwaka 1951 palikuwa na nyumba 17,447, na mahali hapo pakaitwa Levittown.

Nyumba ya mwanzo ilikuwa ndogo: futi za mraba 750, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na dari tupu ambalo mwenyewe angelimalizia baadaye akipata uwezo. Ilisimama juu ya zege lililomwagwa chini moja kwa moja, bila chumba cha chini ya ardhi, na tarafa ililazimika kubadili kanuni zake za ujenzi ili kuruhusu hilo. Mafundi hawakujenga nyumba moja hadi mwisho. Kila kikosi kilikuwa na kazi yake moja, kikiifanya katika nyumba hii na kuhamia inayofuata. Mkazi alitakiwa kufyeka majani kila wiki, hakuruhusiwa kuanika nguo mwisho wa juma, na hakuruhusiwa kujenga ua. Sisi wa Kira, ambao hujenga ukuta na kufunga geti kabla hata ya kuchimba msingi wa nyumba, tungeshindwa mapema.

Kulikuwa na sharti jingine, na hili halichekeshi. Mikataba ya kwanza ya upangaji ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa kama ni mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo, na baadaye kifungu kikaondolewa, lakini desturi iliendelea. Mwaka 1960 Levittown ilikuwa na wakazi wapatao 65,000, na kati yao Wamarekani weusi walikuwa 57. Mtu akikuambia kwamba vitongoji vile vilijigawa vyenyewe kwa rangi, mwonyeshe kifungu hicho. Kaunti yenyewe ilikuwa imejaa: kutoka watu 406,748 mwaka 1940 ilifika 1,300,171 mwaka 1960.

Hata hivyo, muulize dada yako anaishi sehemu gani hasa. Ikiwa ni Levittown au Hicksville, mwenye nyumba hakumdanganya. Ikiwa ni ufuo wa kaskazini, huko palikuwa na majumba ya matajiri. Na ikiwa ni Garden City, ardhi ile ilinunuliwa na mfanyabiashara Alexander Stewart mwaka 1869 kutoka kwa tarafa ya Hempstead, na kabla ya hapo ilikuwa mbuga ya malisho ya pamoja, wanakijiji wakichunga humo mifugo yao.