Maswali ya Wasomaji: Sensa Tatu, Waya Mmoja

SWALI: Nimeunda dataloga ya shamba (kifaa cha kurekodi vipimo) kwa bodi ndogo ya kompyuta ya ESP32 na moduli ya MAX485 inayoiunganisha na waya wa sensa, nikafunga sensa tatu za unyevu wa udongo zinazotumia Modbus (lugha ya maswali na majibu kati ya vifaa), kwa waya wa mita 60. Sensa yoyote ikiwa peke yake inajibu vizuri. Zikiwa zote tatu napata kosa la CRC (namba ya kuhakiki kwamba ujumbe umefika mzima). Programu sijaigusa. Tatizo liko wapi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Anza na anwani. Sensa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani 1. Ukiita 1, zote tatu hujibu kwa pamoja, ishara zinagongana kwenye waya, na dataloga inapokea baiti zisizosomeka.

Zitoe zote kwenye waya. Unganisha moja tu, iandikie anwani 2 kwa amri namba 06 ya Modbus kwenye rejista (nafasi ya kumbukumbu ndani ya sensa) iliyotajwa katika karatasi ya maelezo yake (kila mtengenezaji ana rejista yake, usibahatishe). Zima umeme, washa, iulize kwa anwani mpya. Ikijibu, andika namba juu ya sensa yenyewe kwa wino usiofutika kabla hujashika ya pili. Tumia 2, 3 na 4, uiache 1 wazi. Sensa mpya utakayoongeza baadaye haitagongana na yoyote. Anwani ya mwisho ni 247. Namba 0 ni ya kutangazia wote, haijibiwi.

Kisha zima umeme, upime omu kati ya A na B, yaani nyaya mbili zinazobeba ishara. Moduli za MAX485 zinazouzwa madukani huwa na rezista ya omu 120 ubaoni, kwa hiyo ukisoma karibu 120, ncha ya mbali haina yake: ongeza moja. Usomaji mzuri ni kama 60. Ukipata 40 au chini, kuna rezista ya ziada katikati ya njia, itoe. Waya upite sensa hadi sensa kama shanga kwenye uzi, usitawanyike kutoka kituo kimoja, na waya wa GND (hasi ya pamoja) uende pamoja na A na B.

Jambo moja linanitia wasiwasi zaidi: MAX485 inatumia volti 5, na pini yake ya RO, inayopeleka data iliyopokewa, hutoa volti 5 kwenye ESP32 inayostahimili 3.3 tu. Badilisha uweke MAX3485, inayofanya kazi kwa volti 3.3. Hapo weka pia rezista ya omu 390 kutoka A kwenda 3.3 V na nyingine kutoka B kwenda GND, mahali pamoja tu, kwenye dataloga. Zikishirikiana na zile omu 60, A inabaki juu ya B kwa takriban volti 0.24 waya ukiwa kimya. Chini ya volti 0.2 chipu huweza kusoma kelele kama baiti, na baiti hiyo ya uongo ikitangulia jibu, CRC inakataa.

SWALI: Yangu ni sensa moja tu na haijibu kabisa. Nimehakikisha anwani.
Msomaji, Kitui

JIBU: Badilishana A na B kwanza, watengenezaji hawakubaliani kuhusu majina hayo, na kuzigeuza hakuunguzi kitu. Isipojibu, linganisha kasi na pariti (biti ya kuhakiki kila baiti) za pande zote mbili: 8N1, isiyo na pariti, na 8E1, yenye pariti, hazielewani. Mwisho tazama pini ya DE, inayoiruhusu moduli kutuma. Kwa kasi ya baudi 9600 (biti 9600 kwa sekunde) swali la baiti 8 huchukua milisekunde 8.3 kutoka, programu ikishusha DE mapema, baiti za mwisho hukatika na sensa hulipuuza swali. Ita flush(), amri inayosubiri baiti zote zitoke, kabla ya kuishusha, na usiongeze kuchelewa baada yake, maana jibu linaweza kuanza baada ya milisekunde 4 hivi.