Hisa za sigara sinunui, na sababu ninayo

Wiki iliyopita msomaji wangu wa Muheza aliniandikia: "Kaka, dalali ananishauri ninunue hisa za kampuni ya sigara, eti gawio lake nono. Roho inasita. Je, nakosa hela kwa ujinga?"

Dada yangu, huo si ujinga. Kampuni ya sigara ipo Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2000, ni biashara halali, na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, inatoa kweli. Mimi sinunui. Baba yangu alivuta tangu ujana wake hapa bandarini Tanga. Mwisho akawa analala ameketi, mito imejazwa mgongoni, sisi tukimpepea na kipepeo cha ukindu mpaka adhana ya alfajiri. Kaka yangu mkubwa alimpepea pamoja nami, na ndiye huyohuyo anayeniambia mpaka leo, "Dogo, pesa ni pesa." Akisema hivyo mbele ya mama, inaniuma sana.

Ndiyo maana 2024, Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, walipoleta hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wananchi kwa riba kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, sikuhitaji kushawishiwa. Walitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na watu wakaleta zaidi ya hizo. Lengo ni kuongeza maji, na maji hayo ni ya Mto Zigi, yanayoshuka kutoka misitu ya Amani hadi bwawa la Mabayani. Shangazi yangu kazeeka na ndoo kichwani. Nikaweka akiba yangu. Riba inaingia kila baada ya miezi sita, na meseji ya benki ikifika kifua kinanijaa.

Rafiki yangu wa Ngamiani, mtu wa dini, alikataa. Maji anayataka, riba haigusi. Yeye anatafuta sukuk, uwekezaji wa Kiislamu usio na riba. Namheshimu, kwa sababu anajua anachokiamini kabla hajafungua pochi.

Wengi wetu hatujui. Tunauliza asilimia ngapi, basi. Ndugu zangu, pesa yako ikitoka mkononi inakwenda kufanya kazi kwa jina lako! Soma waraka wa matarajio, ule wa maelezo ya uwekezaji wenyewe, ukurasa wa matumizi ya fedha, maana neno "kijani" peke yake halitoshi. Angalia pia utalipwa kutokana na nini. Hii yetu inategemea bili za maji. Kisha mwambie dalali wako wazi usichokitaka. Akikucheka, tafuta mwingine mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, wapo.