Kuomba chuo Marekani bila SAT: mzigo wote unahamia kwenye matokeo ya shule

Mkuu, umeuliza kama kijana aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuomba digrii ya kwanza Marekani bila SAT wala ACT, yaani mitihani ya kuombea vyuo vya kule, na kama kutotuma alama kutamwangusha. Kuomba anaweza. Ila kwanza mjue kila chuo kiko kundi gani, maana orodha nyingi zinazozunguka WhatsApp ni za enzi za korona. MIT ilirudisha mtihani 2022. Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikafuata 2024. Bowdoin haijaulazimisha tangu 1969, Chuo Kikuu cha Chicago tangu 2018, na Columbia ilitangaza 2023 kuwa kwao ni hiari moja kwa moja. Vyuo vya University of California alama hawaziangalii kabisa hata ukiwa nazo. Ila pale mwanafunzi wa kigeni asitegemee kupunguziwa ada kwa sababu ya hali ya nyumbani, kwa hiyo kama mfuko ni mwembamba msihangaike napo.

Kuna na njia ya katikati. Dartmouth inamruhusu anayesoma nje ya Marekani kuleta matokeo ya A-level (ya Uingereza), IB (mtihani wa shule za kimataifa) au mtihani wa taifa unaolingana na hiyo badala ya SAT. Yale inapokea IB au AP, mitihani ya Kimarekani ya somo moja moja. Kabla ya kutoa hela ya mtihani, iandikie ofisi ya udahili mistari mitatu uulize kama ACSEE (kidato cha sita Tanzania) au KCSE (kumaliza sekondari Kenya) inakubalika, na jibu ulitunze.

Sasa tuje kwenye penyewe. Ukiondoa SAT, anayesoma faili anabaki na matokeo ya shule, na ya kwetu hajui kuyasoma. Kidato cha nne cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, alama 66 ni B. Kwa Mmarekani 66 ni D. Division One ya pointi 3 kidato cha sita hakuna kilicho juu yake, lakini yeye kazoea pointi nyingi ndizo nzuri. Mbaya zaidi, KCSE inakwenda kinyume, A ni pointi 12 na E ni 1, hivyo hata aliyewahi kusoma faili la Mkenya anaweza kulikosea la Mtanzania.

Dawa yake ni karatasi ya maelezo ya shule, ukurasa mmoja au miwili, inayopandishwa na shule pamoja na matokeo. Wanafunzi wengi wanaikosa kwa sababu shule haijawahi kuombwa. Mwambie mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma aandike: A inaanzia alama ngapi, division zinahesabiwaje na kwamba pointi chache ndizo bora, darasa lina wanafunzi wangapi, na wangapi walipata Division One mwaka uliopita. Aeleze na tahasusi. Wamarekani wanatarajia hisabati hadi mwaka wa mwisho. Wakiona mtu wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hana hisabati miaka miwili watadhani aliikimbia, kumbe mfumo ndio unampangia masomo matatu. Sentensi moja inamaliza utata huo.

Kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, kuna mtego mdogo unaowanasa wengi. Sehemu ya mitihani inauliza kama unataka kujaza alama zako mwenyewe. Asiye na SAT anajibu hapana na kusonga mbele, na hapo hapo mitihani ya Kiingereza, TOEFL na IELTS, inakosa pa kuingia. Jibu ndiyo, kisha chagua tu ile uliyonayo. Swali la kuhusu mitihani ya kumaliza shule, linalowahusu waombaji wa kimataifa, nalo jibu ndiyo. Baada ya hapo kila chuo kina swali lake, kwenye kurasa za chuo hicho, la kama alama za SAT au ACT zizingatiwe. Usilisahau kwa sababu tu ulishajibu kule mwanzo. Na hiari ya SAT haigusi mtihani wa Kiingereza. Huo una masharti yake.

Kama SAT ameshaifanya na alama si nzuri, msibahatishe. Tafuta hati ya chuo iitwayo Common Data Set, fungua kipengele C9, uone alama za robo ya chini na robo ya juu ya walioingia. Akiwa chini ya robo ya chini, mimi nisingetuma. Akiwa katikati, tuma. Angalia pia masharti ya ufadhili, maana kuna vyuo ambavyo udahili hauhitaji SAT lakini ufadhili wa ufaulu unaihitaji.

Kuhusu muda, wa Tanzania ana nafuu: matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, dirisha la mapema hufungwa Novemba na la kawaida mwanzoni mwa Januari. Mkenya anayeomba mwaka uleule wa KCSE hana matokeo bado. Shule itume makadirio yanayotokana na mock, kisha KCSE ikitoka iongezwe kwenye ripoti ya katikati ya mwaka.

Walimu wa kumpendekeza waalikwe mapema. Mfumo haukuruhusu kumwalika mwalimu kabla hujajaza idhini ya FERPA, sheria ya Marekani ya usiri wa taarifa za mwanafunzi, na barua pepe ya mwaliko mara nyingi huishia kwenye spamu. Mkumbushe aangalie huko.