Lightroom 6 haifungui RAW za Canon R10

Kama Lightroom 6 yako (programu ya Adobe ya kuhariri picha) inagoma kufungua RAW, yaani picha ghafi, za kamera ya Canon R10 na unafikiria kulipia Lightroom mpya, usilipie kwanza. Lightroom 6 iliishia toleo la 6.14 Desemba 2017 na R10 imetoka 2022, ndo maana hizo CR3 zake (faili za RAW za Canon) haizijui kabisa, sio kwamba kompyuta yako ina shida. Shusha Adobe DNG Converter, ni ya bure, geuza faili ziwe DNG (aina ya RAW ya Adobe) halafu ziingize Lightroom zitafunguka, mi picha za harusi nazipitisha hukohuko na rangi zinatoka safi. Ila CR3 zenyewe zitunze pembeni usizifute. Kama kazi zako zinataka sana ile ya kuchagua mtu au anga kwa kubonyeza mara moja, hapo sawa, hamia tu Lightroom mpya, ya zamani haina.